Kuunganisha Teknolojia za Kidijitali na Uzalishaji Safi Usio na Upotevu: Mfano wa Viwanda vya Chai ya Wakulima Wadogo Nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna teknolojia za kidijitali zinavyoweza kuunganishwa na mikabala miwili ya uzalishaji, yaani uzalishaji usio na upotevu na uzalishaji safi. Mfano uliotumika ni kiwanda cha chai nyeusi kinachomilikiwa na wakulima wadogo katika nyanda za juu za Kenya. Hoja kuu ni kwamba mikabala hiyo haiungani kwa kuwekwa pamoja tu. Huungana pale ambapo kipimo kimoja kinahudumia malengo yote mawili, na pale ambapo kipimo hicho kinamwezesha mfanyakazi kuchukua hatua kwa wakati. Makala yanaonesha kwa ukokotozi kwamba tofauti ndogo ya unyevu katika hatua ya kunyausha majani huongeza kwa kiasi kikubwa mzigo wa kukausha, na hivyo matumizi ya kuni. Vilevile, yanajadili migongano baina ya mikabala hiyo, na yanapendekeza mfuatano wa utekelezaji unaotanguliza marekebisho ya mikono kabla ya ununuzi wa vifaa.

Istilahi za msingi: uzalishaji safi, upotevu, vihisi, unyaushaji, kuni, bonasi.

1.0 Utangulizi

Katika mjadala wa maendeleo ya viwanda Afrika Mashariki, teknolojia za kidijitali huelezwa mara nyingi kama dawa ya kila ugonjwa. Kiwanda kikifungwa vihisi, mita za kielektroniki na programu za kuchakata data, hudhaniwa kwamba gharama zitashuka na uchafuzi wa mazingira utapungua. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaruka hatua moja muhimu. Kihisi hupima, hakirekebishi. Kiwanda kinachopoteza mvuke kwenye bomba bovu kitaendelea kuupoteza hata kama upotevu huo utaoneshwa kwenye skrini kila dakika.

Suala hili lina uzito wa pekee katika sekta ya chai ya wakulima wadogo. Mamlaka ya Uendelezaji wa Chai ya Kenya ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa kampuni binafsi inayomilikiwa na wakulima kupitia kampuni za viwanda vyao. Mfumo huo unahudumia zaidi ya wakulima nusu milioni. Mkulima hulipwa malipo ya awali kila mwezi kwa uzito wa majani aliyopeleka, kisha hupata bonasi baada ya hesabu za mwaka kufungwa. Gharama za kiwanda, zikiwamo za kuni, umeme, usafiri na mishahara, huondolewa katika mapato kabla bonasi haijagawanywa. Kwa hiyo, kila mzigo wa kuni unaoteketea bila faida hulipwa na mkulima, ingawa hauoni ukiungua. Bei ya chai katika mnada wa Mombasa haiko mikononi mwa kiwanda; gharama ya kuizalisha, kwa kiasi kikubwa, iko.

2.0 Chimbuko la Mikabala Mitatu

2.1 Uzalishaji usio na upotevu

Mkabala huu ulikomaa katika kampuni ya Toyota nchini Japani. Mizizi yake, hata hivyo, iko katika viwanda vya nguo. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha kitanda cha kufumia kilichosimama chenyewe uzi ulipokatika. Kabla ya hapo, mashine iliendelea kufuma kitambaa chenye kasoro hadi mtu alipotambua. Kutokana na kanuni hiyo, mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mashine nyingi, na kasoro ikazuiliwa pale ilipozaliwa.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliainisha upotevu katika makundi saba: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kuchakata kupita kiasi, kurundika akiba, miondoko isiyo ya lazima na kasoro. Neno la Kijapani linalotumika kwa upotevu ni *muda*. Kwa msomaji wa Kiswahili, mfanano huu wa sauti ni wa bahati tu, lakini unasaidia kumbukumbu, kwa kuwa sehemu kubwa ya upotevu kiwandani hujitokeza kwanza kama muda unaopita bila kazi yenye thamani. Wajapani hulitaja neno hilo pamoja na mengine mawili: *mura*, yaani kutokuwapo kwa mtiririko ulio sawa, na *muri*, yaani kumbebesha mtu au mashine mzigo kupita uwezo wake.

2.2 Uzalishaji safi

Mwaka 1989 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilianzisha programu ya uzalishaji safi. Msingi wake ni kuzuia uchafuzi kwenye chanzo badala ya kuusafisha mwishoni mwa bomba. Taka, kwa mtazamo huo, ni malighafi iliyonunuliwa kisha ikashindwa kuwa bidhaa. Tanzania ilipata kituo chake cha uzalishaji safi mwaka 1995, na Kenya mwaka 2000. Zana kuu ya mkabala huu ni urari wa mada na nishati: kila kinachoingia kiwandani lazima kipatikane tena katika bidhaa, katika taka au katika joto linalotoroka.

2.3 Teknolojia za kidijitali

Dhana ya mapinduzi ya nne ya viwanda ilitangazwa Ujerumani katika maonesho ya Hannover mwaka 2011. Kiini chake ni kuunganisha mashine, vihisi na programu ili hali ya uzalishaji ijulikane papo hapo na uamuzi ufanyike kwa kutegemea data. Katika kiwanda cha chai, teknolojia hizo hazihitaji kuwa roboti. Huweza kuwa mizani ya kielektroniki katika kituo cha kukusanyia majani, kihisi cha joto na unyevu, kidhibiti kasi cha mota ya feni, au mita ya mvuke.

Mikabala hii mitatu inajibu maswali tofauti. Wa kwanza unauliza: ni kazi gani isiyoongeza thamani? Wa pili unauliza: mada na nishati zinatorokea wapi? Wa tatu unauliza: hali ikoje sasa hivi? Muunganiko wa kweli hutokea pale ambapo jibu la swali la tatu linatumika kutatua mawili ya kwanza.

3.0 Safari ya Jani na Mahali Upotevu Unapozaliwa

Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi. Majani hupimwa kituoni na kusafirishwa kwa lori hadi kiwandani siku hiyohiyo. Kiwandani hutandazwa kwenye vitanda virefu vyenye wavu, na feni hupuliza hewa kutoka chini kwa saa nyingi ili yanyauke. Kisha hupitishwa katika roli zenye meno zinazoyaponda, kuyachana na kuyaviringisha. Baada ya hapo huachwa yaingiliwe na oksijeni hadi yabadilike rangi, na mwishowe hukaushwa kwa hewa moto, huchambuliwa kwa ukubwa na kufungashwa. Joto la kukaushia hutoka katika boila inayochoma kuni, hasa za mikaratusi.

Kazi kubwa ya kiwanda, kwa lugha ya fizikia, ni kuondoa maji. Hili linadhihirika kwa urari wa mada. Ichukuliwe kwamba kilo 100 za majani mabichi zina unyevu wa asilimia 78. Mada kavu ni kilo 22, na haibadiliki katika safari nzima. Chai inapotoka kwenye kikaushio ikiwa na unyevu wa asilimia 3, uzito wake ni takriban kilo 22.7. Yaliyobaki, zaidi ya kilo 77, ni maji yaliyopaswa kuondolewa.

Swali ni nani anayeyaondoa. Majani yakinyaushwa hadi unyevu wa asilimia 70, uzito wake hushuka hadi takriban kilo 73.3, na kikaushio hubakiwa na kazi ya kuondoa karibu kilo 51 za maji. Unyaushaji ukiishia kwenye asilimia 74, majani yatakuwa na uzito wa karibu kilo 84.6, na kikaushio kitalazimika kuondoa karibu kilo 62. Tofauti ya nukta nne za asilimia, ambayo mkono wa mfanyakazi aliyechoka huweza kuikosa usiku, huongeza mzigo wa kikaushio kwa takriban asilimia 22. Maji hayo ya ziada, ambayo hewa ya kawaida ingeyachukua kitandani, sasa yanafukuzwa kwa kuni.

Upotevu huo hauonekani pale unapozaliwa. Huzaliwa kitandani, lakini hujitokeza katika rundo la kuni na katika kitabu cha hesabu. Msimamizi wa boila hulaumiwa kwa kuchoma kuni nyingi, ilhali chanzo kiko katika chumba kingine na katika zamu nyingine.

4.0 Namna Mikabala Inavyokutana

4.1 Katika unyaushaji

Kwa kuwa mada kavu haibadiliki, uzito wa kitanda kimoja unaweza kueleza unyevu wa majani yaliyomo. Vihisi vya uzito vikiwekwa chini ya kitanda, na unyevu wa mwanzo ukipimwa kwa sampuli, inawezekana kujua wakati ambapo shabaha imefikiwa. Sampuli ni ya lazima, kwa sababu majani yaliyochumwa wakati wa mvua hubeba maji ya juu ambayo hayamo katika hesabu za siku kavu.

Hapa kanuni ya Toyoda inarejea katika umbo jipya. Kitanda kinachotoa ishara shabaha inapofikiwa ni sawa na kitanda cha kufumia kinachosimama uzi unapokatika. Feni haiendelei kula umeme kwa mazoea, na majani hayanyauki kupita kiasi na kupoteza ubora.

Kidhibiti kasi cha mota kinaongeza nafasi nyingine ya kuokoa. Nguvu inayohitajiwa na feni hubadilika kwa kipeuo cha tatu cha kasi yake. Feni inayozunguka kwa asilimia 80 ya kasi kamili huhitaji takriban asilimia 51 ya nguvu. Hata ikilazimika kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi ili kupitisha hewa ileile, nishati yote itakayotumika ni karibu asilimia 64. Hata hivyo, muda huo mrefu hupatikana tu ikiwa vitanda havisubiriwi na shehena inayofuata. Akiba ya umeme, basi, inategemea mpangilio wa kupokea majani.

4.2 Katika upokeaji wa majani

Malori mengi huwasili jioni kwa wakati mmoja. Hii ndiyo *mura*: asubuhi vitanda vitupu, usiku vimejaa kupita kiasi. Majani yaliyobanwa katika magunia hupata joto na kuanza kuharibika kabla ya kufika kitandani. Majani yaliyorundikwa kwa kina kikubwa hunyauka kwa tofauti, ya chini yakikauka mno na ya juu yakibaki mabichi.

Mizani za kielektroniki vituoni hutoa kumbukumbu ya uzito kwa kila mkulima. Faida yake ya kwanza ni haki: mkulima hupata risiti isiyotegemea jicho la karani. Faida ya pili haitumiwi ipasavyo. Takwimu hizohizo, zikifika kiwandani mara tu upimaji unapofanyika, humwezesha msimamizi kujua kiasi kinachokuja, kuandaa vitanda na kupanga mfuatano wa malori. Kipimo kilichowekwa kwa ajili ya malipo hugeuka kuwa kipimo cha mtiririko, bila kifaa kipya kununuliwa.

4.3 Katika boila

Kuni zilizokatwa karibuni huweza kuwa na unyevu wa asilimia 50. Nusu ya uzito unaotupwa tanuruni ni maji, ambayo nayo lazima yachemshwe kabla kuni hazijatoa joto la manufaa. Banda lenye paa, magogo yaliyopasuliwa na utaratibu wa kutumia kwanza kuni zilizotangulia kufika ni suluhisho lisilohitaji umeme. Vivyo hivyo kwa maji ya moto yanayotokana na mvuke uliopoa: kila lita inayomwagwa na kubadilishwa na maji ya nyuzijoto 20 huhitaji takriban kilojuli 250 ili kufikishwa tena nyuzijoto 80.

Baada ya hayo kutekelezwa, kihisi cha oksijeni katika dohani kinakuwa na maana. Hewa ikizidi tanuruni, hubeba joto na kutoka nalo. Ikipungua, kuni huungua nusunusu na kutoa moshi mweusi na gesi ya sumu. Kihisi humwongoza mchochezi kati ya makosa hayo mawili. Lakini kihisi hicho kikifungwa wakati kuni bado ni mbichi na mabomba yanavuja, kitakuwa kinapima kwa usahihi mkubwa mfumo uliooza.

5.0 Migongano Isiyopaswa Kufichwa

Si kila hatua inayopunguza upotevu hupunguza uchafuzi. Kuyaleta majani kiwandani kwa shehena ndogo na za mara kwa mara hulainisha mtiririko, lakini huongeza safari za malori na mafuta yanayochomwa. Uamuzi sahihi unategemea umbali wa vituo na ujazo wa lori, na kila kiwanda kinapaswa kuufanya kwa takwimu zake chenyewe.

Mgongano wa pili unahusu vifaa. Vihisi na betri huharibika, na baadaye huwa taka zenye metali hatari. Kiwanda kisicho na mpango wa kuvirejesha kwa wachakataji hubadilisha aina ya taka bila kuiondoa. Aidha, umeme ukikatika na mtandao ukipotea, mfumo usioweza kuhifadhi data ndani yake huacha mapengo yanayopotosha urari mzima.

Mgongano wa tatu, ulio mzito zaidi, ni wa kijamii. Mwezi Mei mwaka 2023, maandamano dhidi ya mashine za kuchumia chai katika eneo la Kericho yaligeuka ghasia na mashine zikachomwa moto. Tukio hilo lilitokea katika mashamba makubwa, si katika viwanda vya wakulima wadogo, na mashine za kuchumia ni tofauti na vihisi. Hata hivyo, linaonesha kwamba teknolojia inayoingizwa kabla ya swali la ajira kujibiwa hupokewa kama tishio. Mfanyakazi anayeamini kwamba kihisi kimewekwa ili kumfukuza hatakuwa na sababu ya kukilinda wala kukieleza kinapokosea. Ikumbukwe kwamba mkabala wa Toyota ulimpa mfanyakazi mamlaka ya kusimamisha kazi anapoona kasoro. Mfumo wa kidijitali unaomnyang'anya mamlaka hayo na kuyapeleka ofisini unabeba jina la mkabala huo bila roho yake.

Linalofuata ni suala la umiliki wa data. Iwapo gharama za kiwanda huathiri bonasi, mkulima ana maslahi ya moja kwa moja katika takwimu za kuni na umeme. Takwimu zinazobaki kwenye kompyuta ya meneja zinaweza kuboresha usimamizi. Zikiwasilishwa kwa wakulima kwa kipimo rahisi, kama vile mita za ujazo za kuni kwa kila tani ya chai kavu, huwa pia chombo cha uwajibikaji.

6.0 Mfuatano wa Utekelezaji

Kutokana na uchambuzi huu, hatua nne zinapendekezwa kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, kupima kwa zana zilizopo. Mizani ya kawaida, tanuri dogo la kukaushia sampuli, kipimajoto na daftari vinatosha kuandaa urari wa mada wa wiki moja. Urari huo ndio unaoonesha mahali penye upotevu mkubwa.

Pili, kurekebisha yanayowezekana kwa gharama ndogo: kuziba mivujo, kufunika mabomba, kukausha kuni na kuweka kiwango cha kina cha majani kitandani. Wafanyakazi wa zamu zote washirikishwe, kwa kuwa wao ndio wanaoyajua mazoea yasiyoandikwa.

Tatu, kuchagua vihisi kwa kigezo kimoja: je, kipimo hiki kitabadilisha uamuzi gani, wa nani, na ndani ya muda gani? Kihisi kisicho na jibu la swali hilo kisinunuliwe. Unyevu wa kitanda unajibu: utabadilisha uamuzi wa msimamizi wa zamu kuhusu kusimamisha feni, usiku huohuo.

Nne, kulinganisha matokeo na hali ya awali kwa kipimo kwa kila tani ya chai kavu. Jumla ya kuni kwa mwezi haitoshi, kwa kuwa hupanda na kushuka kwa kufuata wingi wa mavuno, na huweza kuonesha mafanikio ambayo kwa kweli ni ukame.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uzalishaji usio na upotevu, uzalishaji safi na teknolojia za kidijitali hukutana katika kipimo kinachozaa hatua. Katika kiwanda cha chai, kipimo chenye nguvu kubwa si lazima kiwe karibu na tanuru ambako kuni huungua. Kinaweza kuwa kwenye kitanda cha kunyaushia, ambako mahitaji ya kuni huamuliwa saa nyingi kabla. Imebainika pia kwamba mfuatano una uzito sawa na vifaa vyenyewe: kurekebisha kwa mikono hutangulia, na vihisi hufuata ili kulinda kilichorekebishwa. Mwisho, thamani ya muunganiko huu haipimwi kwa idadi ya skrini zilizofungwa. Hupimwa kwa kuni zinazobaki bila kuchomwa, kwa mfanyakazi anayebaki na mamlaka juu ya kazi yake, na kwa kiasi kinachomfikia mkulima siku ya bonasi.